Nani akague fedha za mfadhili? Njia tatu za usimamizi, na kila moja inamfaa nani

Rasimu ya makubaliano ya msaada ikishafika mezani, watu hubishana kuhusu kiasi, muda na magari. Kifungu cha ukaguzi kipo huko nyuma, baada ya kurasa za masharti, na mara nyingi kinapita bila kuulizwa swali. Mradi unapoingia mwaka wa pili ndipo watu wanapogundua kwamba kifungu kile ndicho kinachoamua nani ataingia ofisini kufungua majalada, fedha zitasimama kwa sababu gani, na nani atarudisha shilingi iliyotumika nje ya utaratibu.

Nawaandikia wenye nafasi ya kusema neno kabla ya saini: ofisa mipango wa halmashauri, mkurugenzi wa asasi, mganga mfawidhi wa hospitali ya kanisa, diwani aliyealikwa kwenye kikao na wadau wa maendeleo. Kwa Afrika Mashariki njia ni tatu. Msaada unaweza kupita kwenye bajeti ya serikali na kukaguliwa na mkaguzi mkuu wa nchi. Unaweza kukaa kwenye akaunti ya mradi, ukakaguliwa na kampuni binafsi huku serikali ya mfadhili ikitazama kwa macho yake yenyewe. Au unaweza kulipwa baada ya kazi kufanyika, kwa matokeo yaliyohakikiwa.

## Vigezo vya kupimia

Nimezipima njia hizi kwa maswali yale yale. Nani anaangalia, na ripoti yake inakwenda kwa nani? Fedha zinafika lini? Mambo yakiharibika, nani anaumia? Watumishi wanafundishwa nini, na ujuzi unabaki wapi? Kisha, njia hiyo inamfaa nani?

Swali la mafunzo nalipa uzito kuliko mengine. Mkaguzi huja fedha zikiwa zimeshatumika. Anayezuia hasara ni yule anayeandika hati ya malipo siku ile fedha inatoka, na kwenye zahanati au shule ya msingi mtu huyo ni muuguzi au mwalimu mkuu ambaye chuoni hakufundishwa uhasibu hata kidogo. Serikali nyingi zinazotoa misaada zina vyombo vizito vya kuwakagua wakubwa. Kumwandaa huyu wa chini mara nyingi kunaachwa kwa semina ya siku mbili.

## Njia ya kwanza: kupitia bajeti ya serikali

Nani anaangalia. Tanzania ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, aliyewekwa na ibara ya 143 ya Katiba. Ripoti zake humfikia Rais kufikia mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa Bungeni na kuchambuliwa na kamati mbili: PAC kwa hesabu za serikali kuu na LAAC kwa serikali za mitaa. Miradi ya maendeleo, ikiwamo ya wafadhili, ina ripoti yake ya pekee. Kenya, ibara ya 229 ya Katiba ya 2010 inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba ripoti ni mali ya wananchi. Diwani anaweza kuisoma na kumuuliza mkurugenzi wake swali kwenye Baraza la Madiwani.

Wapo wanaosema mkaguzi wa nchi hawezi kuikagua serikali yake kwa haki. Uganda inatoa jibu. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa huko, John Muwanga, ndiye aliyebaini kuwa fedha za kuijenga upya kaskazini ya nchi baada ya vita zilikuwa zimechepushwa ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Zilikuwa fedha za Ireland, Norway, Sweden na Denmark. Ireland ilisimamisha msaada uliokuwa ukipita serikalini, na Uganda ikairudishia euro milioni 4. Aliyeufichua mchezo alikuwa ofisa wa Uganda mwenyewe, akitumia mamlaka aliyopewa na Katiba ya nchi yake.

Fedha zinafika lini. Hapa ndipo watu wanapolalamika zaidi, na wana haki. Fedha hupita Hazina, husubiri mgawo, na robo ya mwaka inaweza kwisha kabla hazijashuka. Tanzania ilipunguza safari hiyo kwa Mfuko wa Pamoja wa Afya, ulioanza 1999: tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko huo zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo cha afya au zahanati, bila kusimama halmashauri. Nayahesabu hayo kuwa mageuzi makubwa, kwa kuwa mwanakijiji aliye kwenye kamati ya kituo anaweza kujua kiasi kilichoingia na tarehe kilipoingia.

Mambo yakiharibika. Kosa la mmoja linaweza kuwaangukia wote. Mwaka 2014, sakata la akaunti ya Tegeta Escrow lilipoibuka, wafadhili wa bajeti ya Tanzania walizuia karibu dola milioni 500, ingawa fedha zilizochotwa Benki Kuu zilihusu mgogoro wa umeme na hazikuwa msaada. CAG alifanya ukaguzi maalumu, PAC chini ya Zitto Kabwe ikalifikisha Bungeni mwezi Novemba, na viongozi wa juu wakaachia nafasi zao. Vyombo vya ndani vilifanya kazi yake. Lakini bajeti iliyopungua ilikuwa ya taifa zima, pamoja na wilaya ambazo hazikuwa na habari yoyote ya akaunti ile.

Mafunzo ya watumishi. Chukua hati moja ya malipo kwenye zahanati: petroli lita 15 kwa pikipiki ya huduma ya mkoba. Ili mkaguzi asiandike hoja, yaani dai la maelezo ambalo lazima lijibiwe, nyuma ya hati hiyo panatakiwa muhtasari wa kikao cha kamati kilichoidhinisha matumizi, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la kituo, na ukurasa wa daftari la safari unaoonyesha pikipiki ilikwenda kitongoji gani. Petroli ilinunuliwa kweli na watoto walichanjwa kweli. Ukikosekana muhtasari, hoja inaandikwa, inasafiri hadi halmashauri, na inaweza kujirudia mwaka unaofuata kwa sababu aliyeandika hati ile amehamishwa na aliyempokea hajui lilipo jalada.

Kwa ajili ya vituo kama hivyo ulijengwa mfumo wa FFARS wa uhasibu na utoaji taarifa, kazi ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, pamoja na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Mafunzo yake yanamfundisha mtumishi wa umma kutumia mfumo wa umma, hivyo akihamishwa kutoka Kilosa kwenda Nzega anaukuta mfumo ule ule. Ujuzi unabaki serikalini. Udhaifu ni kwamba wanaofundishwa mara nyingi ni wa ngazi ya wilaya, kwa kudhani watayashusha kwa walio chini. Kushusha huko hakuna bajeti, hivyo kunaishia kwenye kikao cha asubuhi moja.

Inamfaa nani. Halmashauri, wizara na vituo vya umma vinavyotoa huduma za kila siku, na mfadhili aliye tayari kukaa kwa miaka mingi. Haimfai anayehitaji fedha ndani ya mwezi mmoja, kama ilivyo kwenye mafuriko au mlipuko wa kipindupindu.

## Njia ya pili: akaunti ya mradi na macho ya mfadhili

Nani anaangalia. Kampuni ya ukaguzi inakuja kila mwaka, na juu yake kuna vyombo vya nchi iliyotoa fedha. Uingereza iliunda tume ya ICAI mwaka 2011. Tume hiyo haiwajibiki kwa waziri anayetumia fedha za misaada. Inaripoti kwa Bunge kupitia kamati ya maendeleo ya kimataifa. Kazi yake ni kupima kama fedha ya mlipakodi wa Uingereza ilileta tofauti, na si lazima ifungue jalada lako. Marekani ilitumia wakaguzi wakuu waliowekwa na sheria ya 1978 ndani ya idara zake, na juu yao GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliyoanzishwa 1921. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria nao una Mkaguzi Mkuu wake anayechapisha ripoti, na katika nchi huweka wakala wa ndani wa kuuangalizia fedha.

Macho hayo ni makali. Shida yake ni kwamba yanatazama kuelekea kwao. Ripoti hujibu maswali ya London au Washington, kwa Kiingereza, na mwananchi wa kata yenye mradi anaweza asijue kuwa ipo.

Fedha zinafika lini. Haraka kuliko njia nyingine zote, ilimradi ripoti ya robo iliyopita imekubaliwa. Ikichelewa wiki mbili, awamu inayofuata nayo inachelewa, na mishahara ya mradi inasimama.

Mambo yakiharibika. Hasara inabaki kwa mhusika, na hilo ni jambo jema. Mei 2017 Marekani ilisimamisha takriban dola milioni 21 zilizokuwa zikienda Wizara ya Afya ya Kenya kwa wasiwasi wa rushwa na uhasibu dhaifu, huku dawa za kupunguza makali ya VVU zikiendelea kufika kwa njia nyingine. Uganda mwaka 2005 ilisimamishiwa ruzuku zake tano za Mfuko wa Dunia kwa sababu ya udhaifu wa kitengo kilichozisimamia, zikafunguliwa miezi michache baadaye. Kwa asasi, adhabu ya kawaida ni kurudisha matumizi yasiyokubalika kutoka mfukoni mwake. Asasi ndogo isiyo na akiba inaweza kufungwa na dai moja tu.

Hatari nyingine mkataba hauitaji. Siasa za nchi ya mfadhili zikibadilika, fedha na wakaguzi huondoka pamoja. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisitisha misaada kwa siku 90. Tarehe 10 Februari ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, ilitoa ripoti ikionya kwamba kupunguzwa kwa wafanyakazi kumedhoofisha usimamizi wa dola bilioni 8.2 ambazo hazijatumika, na siku iliyofuata mkaguzi mkuu huyo akaondolewa kazini. Julai 1 shughuli zilizobaki zikahamia Wizara ya Mambo ya Nje. Uingereza nayo, iliyojifunga kwa sheria ya 2015 kutoa asilimia 0.7 ya pato lake, ilishuka hadi 0.5 mwaka 2021, na mwaka 2025 ikatangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Mkaguzi anayeweza kuondolewa na yule anayemkagua ni dhaifu popote alipo, awe Washington au Dodoma. Kwa njia hii ni muhimu kujua hilo, kwa sababu wewe huna kura kule.

Mafunzo ya watumishi. Mhasibu wa mradi hufundishwa vizuri, tena kwa kina: gharama ipi inakubalika, zabuni ya kiasi gani inataka bei za washindani watatu, namna ya kujaza karatasi ya saa za kazi. Hiyo ya mwisho inaangusha wengi. Dereva anahudumia miradi miwili, mkataba unasema mshahara wake ugawanywe asilimia 60 kwa mmoja na 40 kwa mwingine, lakini karatasi yake ya mwezi imejazwa mradi mmoja tu. Mkaguzi anakataa sehemu ya mshahara ambao dereva aliufanyia kazi halali. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyemweleza dereva kwa nini karatasi ile inajazwa.

Ujuzi wenyewe huondoka na mradi. Mhasibu mzuri huchukuliwa na mradi mkubwa zaidi, naye ana haki ya kutafuta maslahi. Asasi inabaki na majalada yasiyo na anayeyaelewa.

Inamfaa nani. Asasi zenye mhasibu mwenye cheti cha taaluma cha CPA na akiba ya kubeba dai la marejesho, utafiti, dharura, na kazi ambazo serikali isingependa kuzigharamia, kama msaada wa kisheria.

## Njia ya tatu: kulipwa kwa matokeo

Nani anaangalia. Mhakiki huru, ambaye haanzi na risiti. Anauliza wanawake wangapi walijifungulia kituoni, shule ngapi zimefikisha uwiano wa walimu uliokubaliwa, kisha anakwenda kuhesabu. Benki ya Dunia ilianzisha mkopo wa namna hii mwaka 2012. Tanzania iliutumia kwenye elimu kuanzia 2014 kwa programu ya EP4R, pamoja na Uingereza na Sweden. Kwenye afya, Norway iligharamia majaribio mkoa wa Pwani mwaka 2011, na Kishapu mkoani Shinyanga ikafuata 2015. Rwanda ilieneza mpango wake nchi nzima mapema zaidi, na Burundi ikafanya hivyo 2010, ikiuunganisha na huduma za bure kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano.

Fedha zinafika lini. Baada ya kazi, na baada ya uhakiki. Kituo kisicho na dawa leo hakiwezi kungoja. Ndiyo maana programu nyingi hutoa kianzio, na ukiingia njia hii hakikisha kianzio hicho kimeandikwa kwenye mkataba.

Mambo yakiharibika. Hakuna risiti ya kughushi, lakini kuna takwimu ya kupika. Muungano wa chanjo wa Gavi ulikuwa ukizilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyepata dozi tatu za chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Utafiti wa 2008 ulilinganisha taarifa za serikali na tafiti za kaya: nchi zilikuwa zimeripoti watoto wa ziada milioni 13.9, wakati tafiti ziliwaona milioni 7.4 tu. Upande wa pili, utafiti uliochapishwa 2011 kuhusu Rwanda uliona wanawake wanaojifungulia vituoni wameongezeka kwa asilimia 23, ila mahudhurio manne ya kliniki ya wajawazito na chanjo kamili havikusogea. Yote mawili ni kweli, na anayeuza njia hii kwa kutaja moja tu hakutendei haki.

Mafunzo ya watumishi. Hapa mtumishi hujifunza jambo ambalo njia nyingine hazimfundishi: kuziangalia takwimu zake mwenyewe kila mwezi na kuuliza kwa nini zimeshuka. Rejista ya wajawazito inajazwa kwa uangalifu, kwa kuwa mstari uliokosa sahihi haulipiwi. Mhakiki anapokuja na kufundisha papo hapo, mezani, na rejista ikiwa wazi, hayo ni mafunzo bora kuliko ukumbi wa hoteli wenye posho. Uhasibu wa kawaida, hata hivyo, huachwa nyuma.

Inamfaa nani. Huduma zinazohesabika na zenye rejista: uzazi, chanjo, uandikishaji wa wanafunzi. Haiifai kazi ambayo matunda yake huonekana baada ya miaka, kama kubadili mtazamo kuhusu ukeketaji, wala kituo kilicho mbali na maskini kiasi kwamba kitashindwa na vya mjini kila robo.

## Kulingana na hali yako

*Halmashauri inayopokea fedha za huduma za kila siku:* njia ya kwanza. Kwenye majadiliano, usikubali mafunzo yaishie kwa timu ya wilaya. Omba fungu la kumpeleka mhasibu mmoja kwenye kila kundi la zahanati, azungukie vituo kwa mwezi, asaidie usuluhishi wa benki (kulinganisha daftari na taarifa ya benki) na kufunga hoja za nyuma. Gari na posho yake ni nafuu kuliko semina ya kila mwaka.

*Asasi ndogo inayopata ruzuku yake ya kwanza kubwa:* njia ya pili pengine ndiyo pekee unayopewa. Uliza mambo matatu kabla ya kusaini: nani anamlipa mkaguzi wa nje, dai la marejesho linaweza kukatiwa rufaa wapi, na mkataba ukivunjwa na siasa za kwao, gharama za kufunga ofisi na kuwalipa watumishi notisi zinalipwa na nani. Waliouliza hili la mwisho kabla ya 2025 walikuwa wachache.

*Hospitali ya kanisa au ya taasisi yenye mkataba wa huduma na serikali:* changanya. Malipo kwa matokeo yanafaa wodi ya wazazi, lakini dawa na mishahara ya msingi isiingizwe humo.

*Wizara inayozungumza na mfadhili asiyeiamini mifumo ya nchi:* kuna njia ya kati ambayo hupuuzwa. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 ya Tanzania inamruhusu CAG kuipa kampuni binafsi idhini ya kukagua kwa niaba yake. Mfadhili anapata kampuni anayoiamini, na ripoti inabaki ya CAG na kufika Bungeni. Hilo linaendana na Azimio la Paris la 2005, ambalo wafadhili wenyewe walilitia saini wakiahidi kutumia mifumo ya nchi zinazopokea.

*Diwani, mwandishi wa habari au mwananchi asiyesaini chochote:* kwa fedha za njia ya kwanza, soma ripoti ya CAG ya miradi ya maendeleo na ile ya serikali za mitaa. Kwa za njia ya pili, tafuta ripoti za ICAI na za Mkaguzi Mkuu wa Mfuko wa Dunia, na uiombe asasi ripoti yake ya mwaka. Kwa za njia ya tatu, ulizia orodha ya vituo vilivyolipwa na kiasi cha kila kimoja, kisha ilinganishe na rejista ya kituo kilicho karibu nawe. Ukiwa hapo kituoni, muulize mfawidhi ni lini mara ya mwisho alifundishwa kuandika hati ya malipo, na nani alimfundisha.